Mlembe Hana Kiota

Nilipokuwa msichana mdogo niliwahi kufukuzwa jikoni kwa sababu ya swali. Mama mkubwa alikuwa anasonga ugali, baba mkubwa amekaa kwenye kigoda anasubiri, nami nikauliza, "Mlembe kiota chake kiko wapi?"

Mwiko ukasimama. Baba mkubwa akanitazama kana kwamba nimeuliza Mungu analala ubavu gani.

"Mlembe hana kiota," akasema.

"Sasa anazaliwa wapi?"

"Kwenye moshi. Wazee waliwasha moto, wakatoa asali, moshi ukapanda, mlembe akatoka humo. Basi."

"Na kabla watu hawajajua kuwasha moto?"

"Toka nje," akasema mama mkubwa, ila alikuwa anacheka. "Toka, ugali usije ukaungua nikakulisha ukoko peke yake."

Kama hukukulia huku kwetu Sikonge, ngoja nikueleze. Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, ukimwona ametulia huwezi kumsifia kitu. Lakini anajua nyuki walipo ndani ya miti, na hawezi kupasua mti. Binadamu anaweza kupasua mti, na hajui nyuki walipo. Basi mlembe anakuja mwenyewe kukuita. Anapiga kelele juu ya kichwa chako, anatanua mkia wenye manyoya meupe pembeni, anaruka mti wa mbele, anakusubiri. Ukimfuata anakufikisha. Mkishatoa asali, kipande cha kwanza cha sega ni chake: unakiweka juu ya jani, unaondoka bila kugeuka. Ukimnyima, wazee wanasema, siku nyingine atakuongoza mpaka kwenye chatu.

Baba mkubwa alikuwa na mluzi wake wa kumwitia. Nimeusikia tangu sijaota meno, maana mama yangu mzazi alifariki mapema na dada yake, huyu mama mkubwa, ndiye aliyenifunga mgongoni. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Nikawa mimi. Nawaita mama na baba, na wao hawajawahi kunisahihisha.

Shule niliishia kidato cha pili. Mtihani ule haukunipenda, nami sikuulazimisha. Nikapata baiskeli, nikawa napita kambini kununua asali kwa warinaji, naichuja, naipandisha basi hadi Tabora mjini, nauza maeneo ya Kitete kwa watu wanaokwenda kuona wagonjwa. Ni kazi ya kuzunguka sana porini peke yako, na mtu anayezunguka peke yake huwa anajiuliza mambo. Kwa nini mti huu una utomvu na ule hauna? Siafu wanajuaje pa kupinda? Nilikuwa nina maswali kama mtu mwenye kuku wengi, kila nikifungua mlango yanatoka yenyewe.

Halafu mlembe akaacha kuja.

Si ghafla. Msimu mmoja alikuja mara chache, msimu uliofuata baba mkubwa alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Mwaka jana alirudi kutoka kambini na ndoo zinazogongana kwa utupu. Hakusalimia. Alizitua uani, akaingia ndani, akalala amevaa viatu.

Sasa hapa kuna jambo la zamani lazima nilieleze. Enzi za misafara, wanaume wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo mpaka pwani, mke aliyebaki nyumbani alibaki na masharti. Moto usizimike. Asigombane na jirani. Na zaidi ya yote, asijue mwanamume mwingine. Yeye akikosea huku, mume anaanguka na mzigo kule. Misafara iliisha, masharti yakahamia kwenye asali. Mpaka leo, mume akiwa kambini na nyuki wakamvamia, watu hawaulizi nyuki walikuwaje. Wanaulizana mke alikuwaje.

Shangazi, dada yake baba mkubwa, ndiye aliyelitamka. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye mkeka wetu, akapokea uji wetu, akaunywa wote, kisha akasema, "Mlembe ananusa. Nyumba ikinuka, hafiki."

Mama mkubwa alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio wake. "Wifi, nina magoti yanayolia kama mlango wa ghala. Nikitoka kwenda kuzini, si kijiji kizima kitaamka?"

Mimi nilicheka kwa sauti. Nilidhani na baba mkubwa atacheka. Alikuwa anatazama chini, anakwangua udongo kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza wa mwaka ule: niliona kwamba anaamini. Mtu aliyekula ugali wa mwanamke mmoja tangu ujana wake, anaamini.

Kuanzia siku hiyo akawa anakula kwa dada yake. Mama mkubwa alipika na kufunika, akapika na kufunika. Siku moja nikasikia limeamuliwa: mvua za kwanza zikinyesha, atarudishwa kwa kaka zake Nzega. Kwa nini mvua za kwanza? Ili mkono wake usiguse mbegu za mwaka huo. Hakuna aliyemwambia usoni. Aliambiwa na jirani kisimani, akarudi na ndoo kichwani bila kumwaga tone, akafunga nguo zake kwenye shuka la maua na kulitundika kwenye msumari wa ukutani.

"Ili wakija nisiwacheleweshe," akaniambia.

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Mimi ni mwepesi wa kulia, nisifiche. Kuku akinyeshewa nalia. Lakini nilipomaliza, lile swali la utotoni lilikuwa limerudi, na safari hii halikuwa la kuchekesha. Mlembe anazaliwa wapi? Ningejua anakotoka, huenda ningejua kwa nini hatoki tena. Na ningejua hilo kabla ya mvua, mama mkubwa asingekwenda Nzega.

*

Kuna njia ya zamani inapita karibu na kwetu, tawi la njia ya misafara lililokuwa linashuka kusini. Watu wamepita pale miaka mingi na mizigo, na maji ya mvua yakamalizia, mpaka njia imezama ikawa kama mfereji. Ukisimama ndani, kingo zinakufika kifuani. Udongo wa kingo zile ni laini, na keremkerem wanapenda kuchimba humo matundu yao. Keremkerem ni ndege mzuri kupita kiasi, kijani mgongoni, koo la njano, mkufu mweusi. Ila anakula nyuki. Anamdaka nyuki hewani, anampigapiga kwenye tawi mpaka mwiba utoke, anammeza. Kwa warinaji huyo ni mwizi, na kila mwaka kabla ya mvua baba mkubwa alikuwa anapita na ndoo ya matope, anaziba matundu yote. Alianza kazi hiyo mizinga yake ilipoanza kupungukiwa nyuki. Nilikuwa namshikia ndoo nikiwa mdogo. Sikuwahi kuwaza kitu.

Mwezi wa kumi nilikuwa nakokota baiskeli juu ya kingo, nikiongozana na frateri mmoja, kijana anayesomea upadri kule Kipalapala, aliyekuja kigangoni kwetu kwa likizo. Sisi ni Wamoravian, yeye Mkatoliki, lakini ni Mluguru, na Waluguru ni watani zetu tangu misafara, kwa hiyo dini ilibidi isubiri. Alikuwa na kiu ya kujua kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na viatu vya kufunika.

"Kwa hiyo babu zako walipita hapa na meno ya tembo kichwani," akasema.

"Walipita. Wakifika kwenu Uluguru mnawauzia maji kwa bei ya kondoo."

"Maji yalikuwa ya milimani, mtani. Safi."

"Safi! Mlikuwa mnaogea kwanza ndiyo mnauza."

Alikuwa anacheka bado wakati gurudumu langu la mbele lilipoteleza. Ukingo ukamomonyoka, baiskeli ikashuka na bonge la udongo, nami nikashuka na baiskeli. Sikuumia. Nilipojifuta vumbi machoni nikaona kwamba pale palipomeguka pamefunguka ufa, na nyuma ya ufa kuna chumba kidogo, kama ukubwa wa bakuli. Tundu la keremkerem lilikuwa linaingilia upande wa mbele. Sisi tulikuwa tumelivunja ubavuni.

Nikawasha tochi ya simu.

Ndani mlikuwa na vifaranga wametoka kwenye mayai, wekundu, hawana unyoya, vichwa vizito kuliko shingo. Mioyo yao ilikuwa inaonekana ikidunda chini ya ngozi. "Wazuri jamani," nikasema. "Njoo uone, frateri, njoo." Akapiga magoti vumbini kando yangu.

Kisha tukaona mmoja ni mkubwa kuliko wengine, na mdomo wake si kama wa wengine. Ncha ya juu na ya chini zilikuwa zimejikunja kama ndoano mbili za samaki. Macho yamefumba. Alikuwa anapapasa. Kichwa kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kinagusa ukuta, kinarudi. Kikamgusa mwenzake. Akamng'ata shingoni akaanza kumtikisa.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikasema, "Wanacheza." Nilisema hivyo kweli, mwenzenu. Wanacheza.

Akatikisa, akaachia, akapumzika akihema. Akapapasa tena, akampata yule yule, akamshika ubavuni, akatikisa. Yule mdogo alikuwa anafungua mdomo bila sauti. Damu ilitoka kidogo tu, kama ya kuchomwa na mwiba. Na wakati huohuo mama keremkerem akaingia kutoka mbele, na nyuki mdomoni, akasimama katikati ya mauaji. Nikasema moyoni, haya, mama yao amekuja, sasa ataona. Yule mwenye ndoano akamwachia mwenzake, akaachama. Mama akamtia nyuki kinywani. Akatoka kwenda kutafuta mwingine.

Nikasogeza tochi karibu zaidi na ufa.

"Hakuona?" nikauliza. "Frateri, hakuona?"

Frateri alikuwa ameshika msalaba wake wa shingoni.

"Si mmesoma nyie? Mmesoma falsafa. Hii ni nini?"

"Hii hawajatufundisha," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Hana macho, mtani. Hajui anachofanya."

"Anajua vizuri sana! Mtazame!"

Niliingiza vidole viwili nimtoe nimkanyage. Nasema ukweli, ndiyo nia niliyokuwa nayo. Vidole vyangu vikamgusa. Alikuwa wa moto, kama mtoto mwenye homa. Akanishika kidole kwa zile ndoano zake, akakitikisa, akakiachia, kisha akainua kichwa kizito kile akaachama, anatetemeka, anangoja. Alidhani nimemletea chakula.

Sikuweza. Nikatoa mkono.

Wale wengine hawakuwa na uhai tena tulipoondoka. Frateri aliokota kipande cha gome la mzinga mkongwe, tukaziba nacho ufa, tukapaka matope pembeni, ili yule muuaji asipigwe na jua. Sijui kwa nini tulimhifadhi. Tulitembea mpaka kijijini bila utani wowote, na kwa Mnyamwezi na Mluguru hilo ni jambo la aibu.

*

Nilirudi kesho yake. Na kesho yake nyingine. Ningekwambia nilikuwa nafanya uchunguzi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sipati usingizi mzuri mpaka nimtazame. Nilikuwa nasogeza gome kidogo, nachungulia, narudisha. Chumba kile kilikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akilia njaa sauti yake ni ya vifaranga wengi kwa pamoja, kana kwamba amewameza na wanaita kutoka tumboni. Wazazi wale wazuri walikuwa wanapokezana, mmoja anaingia mwingine anatoka. Alikuwa mnene kuliko wao. Walikuwa wanamlisha mtoto ambaye karibu awajazie nyumba nzima.

Jambo hilo likaanza kunichoma mahali pengine. Shangazi aliwahi kuniambia, nikiwa na umri wa kuelewa nusu, kwamba nililetwa nikiwa mwekundu hivi, na baada ya hapo tumbo la mama mkubwa likafunga. "Kalikuja kakafunga mlango nyuma yake," alisema. Nilikuwa nimelisahau neno hilo. Sasa kila nikichungulia kwenye ufa nalikumbuka.

Siku moja tulikuwa tunamenya karanga, mama mkubwa na mimi. Nikamsimulia yote: ndoano, damu, mama mwenye nyuki mdomoni. Alikuwa ananyanyua nyusi tu, "Yesu wangu," "Weee," "Na mama yao anamlisha?" Nilipomaliza nikasema bila kumtazama, "Mama, na mimi nilimtoa mtu?"

Kisha karanga ikanipiga katikati ya paji la uso.

"Nani kakwambia? Usiniambie, namjua." Akachukua karanga nyingine, ila hii akaimenya. "Tumbo langu lilifunga kabla mama yako hajajua kufunga kanga. Nilikaa na mikono mitupu mpaka ulipokuja wewe. Ukaijaza, ukaikojolea. Nani umemtoa?" Akatafuna. "Halafu ndege ni ndege. Usije ukakaa ukajifananisha na kila kitu unachokiona porini, utakuja kujiona kichuguu."

Nikacheka mpaka machozi. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye ule msumari, na shuka la maua lilikuwa pale pale, fundo lake limekaza. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri upande wa mashariki.

*

Siku niliyoikimbia ndiyo iliyokuja. Nilifika kwenye ile njia asubuhi nikamkuta baba mkubwa tayari yuko ndani ya mfereji, na ndoo ya matope. Alikuwa ameanzia mbali, anakuja, anachota, anaziba, anapiga kofi, anasogea. Keremkerem walikuwa wanamzunguka hewani wakilia.

Nikatupa baiskeli, nikaruka ndani, nikasimama mbele ya tundu langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea, mama."

"Hili usizibe."

"Lina nini?"

"Lina mtoto."

"Yote yana watoto, ndiyo maana naziba." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Mikono yake ilikuwa matope hadi kwenye viwiko. "Hawa wakikua watamaliza nyuki. Nyuki wakiisha tutakula nini? Na mlembe mwenyewe ndiyo huyo amenisusa. Sogea, mwanangu, jua linapanda."

"Baba, mtazame kwanza. Mara moja tu. Ana roho mbaya lakini mtazame."

Nadhani maneno hayo ndiyo yalimchanganya. Akainama. Nikasogeza gome.

Nilikuwa sijachungulia siku kadhaa, kwa hiyo hata mimi nilishtuka. Hakuwa tena kile kinyama chekundu. Alikuwa ameota manyoya yote, mgongo rangi ya vumbi, na kifua cha njano, njano ya ua la alizeti. Zile ndoano zilikuwa zimekwisha. Mwanga ulipompiga akajivuta nyuma, akatanua mkia kwa hofu, na pembeni mwa mkia ule manyoya yalikuwa meupe.

Baba mkubwa aliinama zaidi, paji la uso likagusa udongo. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka.

"Huyu mbona..." akasema. Akaanza upya. "Kifua cha njano ni mtoto. Mtoto wa mlembe anakuwa hivi mwaka wake wa kwanza, nimewafuata wengi wa kifua cha njano, ni wajinga wajinga, wanapotea njia." Aliongea haraka, kwa ukuta. "Huyu ni mlembe. Mlembe anafanya nini humu?"

"Amezaliwa humu. Nimemwona hana hata unyoya. Kumbe mama yake alitaga humu akawaachia keremkerem, na huyu akawaua watoto wao wote. Nilimwona, baba. Na frateri alimwona."

"Amezaliwa humu."

"Ndiyo."

"Kwenye tundu la keremkerem."

"Ndiyo, baba."

Akanyooka. Taratibu akageuka kutazama alikotoka. Nami nikageuka naye, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho nilikipita kila siku kwa baiskeli bila kukiona. Kingo zote mbili, mpaka njia inapopinda, zilikuwa na mabaka. Mengine mabichi ya asubuhi ile, yanang'aa. Mengine ya mwaka jana, yamepasuka. Mengine ya zamani zaidi, yameota majani membamba. Na kila baka lilikuwa na alama za vidole vinne vya mkono wake, vile vinne, maana cha tano kilikatwa na shoka ujanani. Vidole vinne, vidole vinne, vidole vinne, kila upande.

Ndoo ikamtoka. Matope yakamwagikia miguuni mwake.

Sijawahi kumwona baba mkubwa akikaa chini vibaya. Ni mtu wa kutafuta kigoda. Siku hiyo alikaa palepale katikati ya njia, ndani ya matope yake, akafunika kichwa. Nilitaka kusema kitu cha kumtuliza, kwamba si matope peke yake, miti nayo inaishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, pori lenyewe si lile. Ni kweli pia. Lakini nilikuwa nakumbuka ndoo niliyokuwa namshikia.

"Nilikuwa napiga mluzi," akasema, kutoka chini ya mikono yake. "Huku nawazika, huku nawaita."

Alipoinuka hakwenda nyumbani. Alivunja kijiti, akaanza na yale mabaka mabichi, anachokonoa kwa uangalifu kama mtu anayetoa funza kwenye kidole cha mtoto. Nikachukua kijiti changu. Tulichokonoa mpaka mchana.

*

Jioni alikuja kukaa kwenye kigoda chake cha jikoni, kwa mara ya kwanza tangu yale maneno. Mama mkubwa alikuwa anasonga. Hakuinua macho.

"Nimemwona mtoto wa mlembe," akasema baba mkubwa.

"Nimesikia."

"Ni mimi niliyekuwa nawaua."

"Nimesikia."

Akangoja. Ugali ukaiva, ukaepuliwa, ukawekwa kwenye sahani moja tu. Sahani hiyo akanipa mimi.

"Mimi nilisemwa mchana kweupe," akasema mama mkubwa, "kwenye mkeka wangu, mbele ya uji wangu. Haya maneno ya jikoni yapeleke nje, kwa waliosema yale."

Alikwenda. Kesho yake asubuhi alimtoa dada yake nyumbani, akamshika mkono mpaka kwenye njia ya zamani, na majirani wakafuata maana watu wakiona mtu mzima anaburutwa hawabaki nyumbani. Nikasogeza gome. Shangazi akachungulia kwa muda mrefu. Tulimsikia akivuta pumzi. Baba mkubwa akasema mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika, kwamba mke wake hana doa, na harufu iliyomfukuza mlembe ni ya mikono yake mwenyewe. Akaionyesha ile mikono.

Shangazi akajinyanyua, akajipangusa magoti. "Sasa huyu aliyeua wenzake wote," akasema, "ndiye aliyekuwa ananusa uchafu wa nyumba za watu?"

Watu walicheka, hata frateri, aliyekuwa amesimama nyuma na viatu vyake. Mimi nilicheka pia. Lakini neno hilo limenikaa. Tumempa ndege huyu kipande cha kwanza cha kila sega, tukampa na haki ya kuhukumu wake za watu, na hatukuwahi kujua hata anakolala.

Mvua za kwanza zilinyesha siku chache baadaye. Kifaranga alikuwa ameshatoka; nilikuta chumba kitupu, na wale keremkerem wawili juu ya waya wa uzio, wamekaa wamegusana mabega. Sijui kama walikuwa na huzuni au wamepumzika tu. Hakuna aliyekuja kutoka Nzega, na mama mkubwa ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini.

Baba mkubwa anakula nyumbani sasa. Anakula taratibu, kama mgeni. Mluzi hapigi tena. Anasema atangoja aitwe. Shuka la maua bado liko kwenye msumari. Juzi, baridi ilipoanza, mama mkubwa alilishusha, akalegeza fundo, akatoa kanga moja akajifunga. Kisha akakaza fundo tena, akarudisha ukutani, na baba mkubwa alikuwa anamtazama muda wote bila kuhema.